Barua kwa mwanangu: ukifika Mkunazini, tazama juu

Mwanangu Zuhura,

Natumai u mzima na masomo ya ujenzi yanaendelea vizuri huko Tanga. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana.

Juzi nilikuwa Unguja kikazi, nikapata wasaa wa kuingia kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini. Kwa kuwa umechagua kazi hii yetu ya uashi, nataka uende ulione mwenyewe.

Anza na paa. Matao na madirisha yamechongoka juu kwa mtindo wa Gothiki, kama ya makanisa ya Ulaya, lakini paa limejipinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Limejengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Inasimuliwa kwamba wengi waliamini lingeporomoka. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, akashikilia msimamo wake, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Paa lipo hadi leo, kwenye joto na chumvi ya bahari ambayo wewe unajua inavyokula kuta! Nilisimama pale shingo ikaniuma.

Karibu na mahali pa ubatizo utaona nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Wanasema mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa safarini.

Ila usilitazame kwa jicho la fundi tu. Uwanja ule ulikuwa soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo, kwa masimulizi ya wenyeji, ulikuwepo mti waliofungwa watu na kuchapwa. Usipite juu yake harakaharaka. Nje, shimoni, kuna sanamu za watu watano, minyororo shingoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Niliwaona vijana wakipiga picha pale huku wanacheka, roho ikaniuma. Wale waliouzwa walitoka bara, mwanangu, walikotoka babu zetu.

Nauli ya boti nimemwachia mama yako. Nenda asubuhi, kabla watalii hawajajaa, na uchukue daftari: nataka unichoree lile paa linavyokaa juu ya kuta.

Wasalaam,
Baba yako