Salamu za Mtakatifu Patrick kutoka ujombani

Shikamooni wakubwa wangu wa Kigoma, Dar na kote mliko. Wadogo, hamjambo? Leo ni Machi 17, huku Ireland ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, nami nimetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi. Nimesema badala ya kuwarushia ile picha ya maua yanayometameta, niwaandikie salamu zenyewe nikiwa bado na macho.

Najua kwetu tarehe hii ina uzito mwingine. Usiku wa Machi 17, 2021 ndipo Mama Samia alipotokea kwenye televisheni kututangazia msiba wa Rais Magufuli. Poleni tena kwa kumbukumbu hiyo. Na mwaka huu Jumatano ya Majivu na mwandamo wa Ramadhani vilikaribiana mno, kwa hiyo karibu wote ninaowaandikia mmefunga. Mliobakiza siku chache kufika Idi, Mungu azipokee swaumu zenu. Mlio kwenye Kwaresima, mjue kwamba huku tangu zamani leo ni siku ya ruhusa katikati ya mfungo: watoto wanafunguliwa kopo la peremende, wakubwa wanafungua vya kwao.

Hapa Ennis, kaunti ya Clare, kuna manyunyu yasiyojua kama ni mvua au ni ukungu. Gwaride litapita mchana: bendi za shule, matrekta yaliyooshwa, watoto waliopakwa kijani usoni mpaka masikioni. Lakini sikukuu yangu mimi imeanzia kazini. Mzee mmoja ninayemhudumia, ana miaka themanini na ushee, alinisimamisha mlangoni nikiwa nimeshavaa koti la kuondokea. Alitaka nimbandike shamrock kifuani. Shamrock ni kijani kidogo chenye vipande vitatu. Ungekiona shambani kwako ungeking'oa ukidhani ni magugu. Chake kilikuwa kimeshanyauka nusu. Nikakibana kwa pini, akanitazama kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi, akaniambia nikigeuze. Nikakigeuza. Ndipo akaniuliza swali lake la kila wiki: "Na kwenu hasa ni watu wa nani?"

Huku mashambani hiyo ndiyo salamu. Hawaanzi na kazi yako. Wanaanza na ukoo, mama yako alitoka wapi, bibi yako alizaliwa kwa nani. Mtu wa Kigoma akiulizwa hivyo anajisikia yuko barazani kwao. Nikamjibu kama kawaida, naye kama kawaida akanipa lake: kwamba Muhammad Ali ni wa hapa, wa barabara ya Turnpike, na kwamba siku alipokuja, Septemba 1, 2009, yeye alisimama karibu naye kama kutoka kitandani hadi mlangoni.

Ni kweli tupu. Abe Grady aliondoka Ennis miaka ya 1860 akaenda Kentucky, akaoa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani. Mjukuu wao, Odessa Lee Grady, ndiye mama mzazi wa Cassius Clay, bondia aliyekuja kuitwa Muhammad Ali. Sisi tunamjua Ali wa Kinshasa, 1974, aliyemwangusha Foreman raundi ya 8. Wazee wa Dar wanamjua pia Ali wa Februari 1980, alipotumwa na Rais Carter kuja kutushawishi tuisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu akakataa hata kumwona. Nani angefikiri kwamba bondia yule, aliyelitupa jina la Clay akisema ni jina la kitumwa, alikuwa na jina jingine la pembeni, Grady, ambalo hata hakuhitaji kulitupa kwa sababu lilikuwa limeshapotea lenyewe? Alipokuja hapa alikuwa ameshadhoofishwa na ugonjwa wa Parkinson. Mji ukampa heshima ya uraia wake, wa kwanza kupewa katika historia yake, na watu wa ukoo wa O'Grady wakaja kumwona ndugu yao. Mzee wangu anasema hakulala usiku ule.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini habari za namna hii hushangaza watu. Nadhani ni kwa sababu jina hufuata baba. La mama hubaki kwenye cheti cha ndoa, na la bibi halibaki popote. Lakini sisi tuna neno la kule jina lilikobaki: ujombani. Kwa Muhammad Ali, Ennis ni ujombani.

Na Barack Obama naye ni mpwa wao. Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, alipanda meli kwenda Marekani mwaka 1850 akiwa na miaka 19. Mtaelewa kwa nini aliondoka mkikumbuka mwaka wenyewe. Kuanzia 1845 ukungu uliingia kwenye viazi, vikaozea ardhini, na kwa maskini wa nchi hii kiazi ndicho kilichokuwa ugali. Kufika 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni 1 wamehama, huku nafaka na mifugo vikiendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza. Hilo la mwisho wazee hapa hawalisimulii kwa sauti ya kawaida.

Kutoka kwa Falmouth hesabuni pamoja nami, maana hapa Kiswahili kina utajiri wake: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, na huyo kilembwe ni Ann Dunham, mama yake Obama. Obama mwenyewe ni kilembwekeza. Vitabu vya ubatizo vya kanisa la Kianglikana la huko ndivyo vilivyomfichua.

Mei 23, 2011 mpwa akaenda kijijini. Kijiji chenyewe kina watu kama 300. Nyumba zilipakwa rangi mtaa mzima, kama tunavyofanya sisi mgeni mkubwa akija, akaingia baa na mkewe, akanywa Guinness mbele ya kamera. Siku hiyohiyo gari moja la msafara wake, lile zito la chuma, lilikuwa limekwama kwenye tuta la lango la ubalozi wa Marekani mjini Dublin. Niliiona ile video mara nyingi sana, Mungu anisamehe. Jioni akawaambia Waairishi kwamba yeye ni Obama wa ukoo wa Moneygall na amekuja kutafuta kile kialama kilichodondoka njiani baada ya O ya jina lake. Umati ukacheka, maana O ya kina O'Brien na O'Connor maana yake ni mjukuu, mtu wa uzao wa fulani, na huandikwa na kialama chake juu.

Utani huo una utamu zaidi kwa mtu wa Afrika Mashariki. O ya Obama ni ya Wajaluo, ileile ya Otieno na Ochieng, jina la mtoto wa kiume. O mbili zisizojuana zimekutana kwa mtu mmoja.

Siku hizi kwenye barabara kuu ya kutoka Limerick kwenda Dublin, pale Moneygall, kuna kituo cha mafuta kinachoitwa Barack Obama Plaza, kimefunguliwa mwaka 2014. Nimeshuka hapo mara kadhaa kununua chai. Mara moja nilikuwa na mwenzangu wa kazini, mama wa Siaya, kule Kenya kwa baba yake Obama, akasimama mbele ya jina lile na kikombe mkononi, akasema, "Dada yangu, hawa watu wanatunyang'anya mtoto." Nikamwambia, "Hawamnyang'anyi mtu. Ninyi ndio baba, hawa ni wajomba. Mjomba naye ana haki ya kujisifu." Akanywa chai yake. "Sawa," akasema, "lakini sisi tulipata siku ya mapumziko." Hapo hakukosea: Novemba 6, 2008 Rais Kibaki aliifanya sikukuu Kenya nzima. Ila na mimi nikiangalia, naona Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, na Moneygall ni vijiji pacha. Vyote viwili viliamka siku moja vikakuta dunia imeegesha magari uani. Mtu akipanda cheo, ndugu huongezeka, na sioni ubaya, mradi tu wakumbuke kwamba yule Kearney aliondoka na njaa na hakuna aliyempakia nyumba rangi.

Sasa nije kwa yule wa kwetu Kigoma, Che Guevara, mwanamapinduzi mzaliwa wa Argentina. Ndiyo, wa kwetu. Aprili 1965 alipita mjini kwetu kimyakimya na wenzake Wacuba, wakavuka Ziwa Tanganyika usiku kwenda Kongo kuwasaidia waasi. Walijipa majina ya tarakimu za Kiswahili: Moja, Mbili, na yeye, kiongozi mwenyewe, akawa Tatu, ili asijulikane. Novemba akarudi Kigoma kwa njia ileile ya ziwa, vita imeshindikana, kisha akajifungia kwenye ubalozi wa Cuba Dar es Salaam akiandika kilichoharibika. Na bibi yake mzaa baba aliitwa Ana Isabel Lynch, ndiyo maana baba yake akajiita Ernesto Guevara Lynch. Lynch ni ukoo mkongwe wa Galway, kaunti inayopakana na yetu hapa. Mtu wao mmoja, Patrick Lynch, aliondoka karne ya 18 akapitia Hispania, akaishia upande wa Argentina. Baba yake Che alikuwa akisema wazi kwamba ukaidi wa mwanawe ni damu ya waasi wa Kiairishi.

Lakini lililonichekesha ni hili. Mnaijua ile picha ya Che, nyeusi juu ya nyekundu, kofia na nyota, iliyobandikwa nyuma ya bajaji na kwenye vizuia-matope vya malori kutoka Kigoma mpaka Mombasa? Picha aliipiga Mcuba, Alberto Korda, mwaka 1960, lakini mchoro huo wa rangi mbili ni wa mwaka 1968, wa Jim Fitzpatrick, msanii wa Dublin. Mwenyewe anasimulia kwamba alipokuwa kijana akifanya kazi ya baa huko Kilkee, mji wa pwani wa kaunti hii yetu ya Clare, aliingia mgeni mwenye ndevu, naye akamtambua. Mwaka 2017 posta ya Ireland ikautoa mchoro huo kama stempu ya yuro 1, watu wakagombana magazetini. Nina moja, nimeibandika kwenye jokofu.

Msije mkadhani ujombani ni sifa tupu. Kuna kisiwa cha Montserrat katika Karibi ambako hadi leo utakuta watu weusi wenye majina ya kina Riley, Farrell na Sweeney, na Machi 17 ni sikukuu ya taifa. Waairishi walifika huko karne ya 17, wengi wao vibarua waliofungwa kwa mikataba, lakini baadhi wakaja kumiliki mashamba ya miwa na watumwa wa kuyalima. Machi 17, 1768 watumwa walipanga kuasi siku hiihii, wakijua mabwana watakuwa wamelewa kwa heshima ya mtakatifu wao. Siri ikavuja, viongozi wakanyongwa. Wanachokumbuka Montserrat leo ni hao walionyongwa. Majina ya ukoo pale hayakupitia ndoa wala cheti.

Na kinachonishinda kabisa ni kwamba mtakatifu mwenyewe alikuwa mtumwa. Patrick hakuwa Mwairishi. Alizaliwa Britania enzi za Warumi, akatekwa na maharamia wa Kiairishi akiwa na miaka kama 16, akauzwa huku, akachunga mifugo kwa miaka 6 kwenye baridi hii ninayoijua mimi, kisha akatoroka akarudi kwao. Baadaye akarudi tena kwa hiari kuwahubiria walewale. Ameyaandika mwenyewe, maandishi yake yapo. Kwa hiyo leo nchi nzima imevaa kijani kumsherehekea mgeni, na mimi mgeni mwenzake nimepewa kazi ya kubana shamrock.

Mzee wangu aliniambia pia kwamba viazi vya mapema hupandwa siku ya leo, isipite. Mikono yake haishiki jembe tena, basi nimemwekea ndoo ya udongo dirishani na viazi vitatu vilivyoanza kuchipua. Amevipanga mwenyewe, macho ya viazi yakitazama juu.

Kwa Kiairishi wanasema "Lá Fhéile Pádraig sona daoibh", yaani sikukuu njema ya Patrick kwenu nyote. Ile Fh wanaiandika halafu hawaisomi. Msiniulize kwa nini.

Mama mkubwa, nina ombi moja kwako. Kesho usiku nikirudi zamu ataniuliza tena kwetu ni watu wa nani, na nimegundua upande wa baba ninampa majina mpaka babu wa babu, ila upande wa bibi mzaa mama ninaishia kwake yeye. Mama yake aliitwa nani, na alitoka kijiji gani? Nitumie hata kwa ujumbe wa sauti, usijali mtandao ukikatika. Nitausikiliza basi likifika Limerick.

Sikukuu njema.