Kwa mdogo wangu unayekwenda kusoma Shenyang, China

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mama ameniambia begi lako limejaa sembe. Punguza. Nisingependa ujifungie bwenini majira yote ya baridi ukisonga ugali peke yako. Upweke huanzia hapo, nimeuona kwa wenzangu.

Nenda kwa Wahui ukale jiaozi, vile vifurushi vya unga wa ngano vinavyojazwa nyama au mboga na kuchemshwa. Wahui ni Waislamu wa Kichina, na Shenyang mtaa wao uko karibu na Msikiti wa Kusini. Kwingine jiaozi nyingi ni za nguruwe na kabichi iliyochachuliwa, kwa hiyo tafuta kibao cha halali, mara nyingi cha kijani. Usivutwe na taa nyingi. Ingia pale ambapo baba yuko kwenye sufuria, mama anakunja, na mtoto anafanya hesabu zake za shule meza ya pembeni.

Kaa mahali utakapoiona mikono ya yule mama. Donge dogo la ngano analisukuma kwa kijiti, kingo ziwe nyembamba na katikati pabaki panene kidogo, pasije pakapasuka. Anaweka nyama, anakunja, anabana kwa vidole, tayari ameshika nyingine. Mumewe naye huongeza maji baridi kila sufuria inapotaka kufoka, kwa kawaida mara tatu, ili nyama iive kabla unga haujalegea.

Huko kaskazini mashariki sehemu nyingi huuza kwa liang, yaani gramu 50, na mara nyingi kinachohesabiwa ni uzito wa unga. Anza na liang 3 za kondoo na karoti. Za mayai na jiucai, majani yanayonukia kama kitunguu saumu, ndizo nizipendazo mimi. Chovya kwenye siki nyeusi yenye kitunguu saumu kilichopondwa, kisha uombe bakuli la maji yaliyochemshiwa jiaozi. Wenyewe huyanywa, na baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri utayapenda.

Salimia ukiingia, mwite yule mama ayi, kama tunavyowaita shangazi huku. Kisha rudi hapo hapo, usihamehame. Kichina cha kuongea mimi nilikipata kwenye meza hizo, kwa watu walionizoea hadi wakawa wananiuliza hali ya mama.

Mwaka Mpya wao ukikaribia, migahawa mingi ya familia hufungwa siku kadhaa. Uliza mapema, ununue jiaozi zilizogandishwa za kukutosha.

Dada yako