Barua kwa Neema: kwanza swali, kisha modeli

Neema mpenzi,

Hujambo? Barua yako nimeipata na nimeisoma yote, pamoja na ile orodha ndefu ya kozi. Hongera sana kwa kuanza uzamivu wa sosholojia, nimefurahi kupita kiasi.

Unaniuliza uanze na nini kati ya mbinu hizi nne za takwimu: modeli za ngazi nyingi (za watu waliomo ndani ya makundi, kama wanafunzi ndani ya shule), modeli za milinganyo ya kimuundo, uchambuzi wa muda hadi tukio na takwimu za Bayes. Ushauri wangu ni kwamba usianze na chochote kati ya hivyo mpaka uwe na sentensi moja inayosema unataka kukadiria kiasi gani hasa, na kwa watu gani. Labda hukutarajia kusikia hivyo kutoka kwangu, maana modeli hizo ndizo kazi yangu ya kila siku na nazipenda. Lakini naona wanafunzi wenye uwezo mkubwa wakijifunza mbinu tatu kwa mwaka mmoja, halafu wanashindwa kusema namba iliyotoka inajibu nini.

Tazama udahili wa uzamili na uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Wanaume walioomba, asilimia 44 walikubaliwa. Wanawake, asilimia 35. Mtakwimu Peter Bickel na wenzake walipochambua takwimu hizo idara kwa idara, katika makala iliyotoka mwaka 1975, ushahidi wa ubaguzi dhidi ya wanawake haukuonekana tena. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ambazo huwakataa waombaji wengi, wa jinsia zote. Darasani hadithi huishia hapo, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba dawa ni kudhibiti idara, yaani kulinganisha waombaji wa idara moja. Mimi nadhani somo lenyewe ndipo linapoanzia. Kama unataka kujua iwapo wanaoamua udahili huwapendelea wanaume pale mwanamume na mwanamke wanapoomba idara moja, iweke idara kwenye modeli. Kama unataka kujua jinsia inamgharimu mwanamke kiasi gani kwa njia zote, basi idara ni mojawapo ya njia hizo, na ukiidhibiti umeikata. Ni nini kilichowaelekeza wanawake kwenye idara zile tangu mwanzo? Data ni ileile, programu ni ileile, na majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Hakuna mtaalamu wa takwimu atakayekuchagulia swali. Hapo ndipo wewe, mwanasosholojia, unapohitajika.

Vipo pia vigeu, yaani sifa zinazopimwa na kubadilika, ambavyo ukividhibiti unazua uhusiano usiokuwapo. Tuseme kazi fulani hupewa mwenye alama nzuri au mwenye kujuana na wakubwa, na tuseme kati ya waombaji wote mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote. Ukiwahoji walioajiriwa peke yao, utaona wenye alama nzuri hawajuani sana na wakubwa kama wengine, na kinyume chake. Uhusiano huo umeuleta mwenyewe kwa kuchagua wa kuwahoji. Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, chora vigeu vyako na mishale kati yake kwenye karatasi. Mchoro huo utakuonyesha nini kidhibitiwe na nini kiachwe.

Sasa namna ya kujifunza. Ninayoiamini kuliko zote ni hii: tunga data yako mwenyewe, ambayo ukweli wake unaujua kwa sababu umeuweka wewe, kisha uone kama mbinu itaupata. Tumia R, programu ya takwimu; ni ya bure na inatosha kwa yote utakayohitaji. Tunga shule 30, kila moja na wanafunzi 20. Fanya moja ya tano ya tofauti zote za alama itokane na shule, na iliyobaki itokane na wanafunzi wenyewe. Kisha chagua shule 15 kwa bahati nasibu, uzipe mradi wa kubuni ambao hauna athari yoyote, hata chembe. Endesha regresheni ya kawaida (mstari unaokadiria alama kutokana na mradi) kana kwamba wanafunzi 600 ni watu 600 wasiohusiana, na urudie zoezi zima mara 1,000. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa namna hiyo au zaidi kwa bahati tu, inapaswa kushuka chini ya 0.05 mara 50 hivi. Itashuka zaidi ya mara 300. Yaani utatangaza mafanikio ya mradi usiofanya lolote, tena na tena! Sababu ni kwamba wanafunzi wa shule moja wanafanana, kila mmoja anarudia sehemu ya habari za mwenzake, na hesabu inaonyesha kwamba wale 600 wana uzito wa watu 125 tu. Ukiliona hilo kwa macho yako, modeli ya ngazi nyingi haitakuwa tena fomula ya kukariri. Utaidai mwenyewe.

Ngazi zina hatari nyingine, ya kusema juu ya watu kwa kutumia takwimu za maeneo. Mwanasosholojia W. S. Robinson aliionyesha mwaka 1950 kwa sensa ya Marekani ya 1930. Kwa majimbo, uwiano (kipimo cha uhusiano, kuanzia −1 hadi 1) kati ya asilimia ya waliozaliwa nje ya nchi na asilimia ya wasiojua kusoma na kuandika ulikuwa −0.53, kwa mtu mmoja mmoja ulikuwa 0.12. Ishara yenyewe imegeuka, kutoka hasi hadi chanya, kwa kuwa wahamiaji walielekea kukaa katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma zaidi.

Modeli ya lojistiki, inayokadiria uwezekano wa jambo kutokea, pia usiichukulie kuwa regresheni ya kawaida yenye jibu la ndiyo au hapana. Mwanasosholojia Carina Mood aliandika vizuri mwaka 2010 juu ya hili: ukiongeza kigeu kinachoathiri matokeo, hata kama hakihusiani na vigeu vilivyomo, koefishenti (namba za athari ya kila kigeu) za awali hubadilika. Ndiyo maana kuzilinganisha kutoka modeli hadi modeli ni hatari. Eleza matokeo kwa tofauti za wastani za uwezekano; hata msomaji asiye wa fani ataelewa.

Kuhusu hofu yako ya hisabati, jifunze matriki na uwezekano kwa kina, na kalkulasi kiasi cha kuelewa jinsi kilele cha mkunjo kinavyopatikana. Mengine utayasoma yanapohitajika.

Kozi ya modeli za ngazi nyingi kwenye orodha yako ni nzuri, lakini iahirishe muhula mmoja. Kwanza niandikie ile sentensi: kiasi gani, kwa watu gani. Ambatisha mchoro wako wa mishale, nami nitachora wangu kabla sijautazama wako. Pale tutakapotofautiana, tujadiliane kwa simu Jumamosi.

Rafiki yako,
Salome