Ukurasa wa safari utufundishe na kusoma menyu

Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na gazeti likifika ukurasa wa safari ndo naanza nao, ila kuna jambo limenikaa rohoni tangu nirudi kutoka Italia na mama yangu. Waandishi wenu wanatusifia jua linavyozama, meza ziko hatua chache tu na maji, samaki freshi, na yote ni kweli nimeyaona kwa macho yangu, lakini sijaona hata mmoja akituambia bei ya samaki kule inasomwaje.

Tulikuwa mji mdogo wa pwani ya Liguria. Mama ana miaka 71 na ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege, nikasema jioni ya mwisho lazima nimpeleke akale pembeni ya bahari. Tukafika mapema, jiko halijafunguliwa mpaka saa moja na nusu, tukakaa tunaangalia boti zinarudi. Weita akaja na trei ya barafu, samaki wazima wamepangwa, macho maangavu kabisa, mama akamnyooshea kidole branzino mmoja mkubwa huku anacheka kama mtoto. Kwenye menyu imeandikwa 7. Nikajua ni euro 7 kwa samaki, nikafurahi, sikuuliza kitu.

Kumbe pembeni ya ile 7 kuna kineno kidogo, etto, yaani gramu 100. Samaki wa mama alikuwa na kilo 1.3, na wanapima mzima mzima kabla hajatolewa matumbo, kwa hiyo yeye peke yake akawa euro 91, bado coperto, ile hela ya mkate na kukalia meza, euro 3 kila mtu. Bili ilipokuja mama alikuwa bado anachokoa nyama ya shavuni, sehemu anayoipenda kuliko zote. Akaniona nimeshika ile karatasi kimya, akaichukua akasoma, akaweka uma chini taratibu akasema, "Mwanangu, si ungeniambia, ningekula mkate tu." Hakugusa tena ile sahani. Hicho ndo kinachoniuma mpaka leo, hela ningeitafuta tu.

Mgahawa siulaumu, bei waliandika, mi ndo sikujua kusoma. Baadaye ndo nikaelewa unaruhusiwa kabisa kumwambia weita ampime samaki kwanza na akutajie bei kabla hajaingia jikoni, wala haoni ajabu, watu wa kule wenyewe wanafanya hivyo. Pia kinyota kidogo pembeni ya jina la chakula mara nyingi maana yake kilikuwa kimegandishwa. Ugiriki samaki wanauzwa kwa kilo. Ureno wanakuletea mkate, zeituni na jibini hata hujaagiza, vina bei yake, ila sheria yao inasema kama hujaviomba na hujavigusa hutakiwi kulipishwa, na mtu asiyejua hilo anakula akidhani ni ukarimu.

Sasa naomba, kila mnapotuandikia kuhusu mji wa pwani, wekeni hata kaboksi kadogo pembeni ya picha ya machweo: samaki anauzwa kwa kipimo gani, meza inalipiwa au hailipiwi, na mtu akitaka kupimiwa aulize vipi kwa lugha ya pale.

Msomaji wenu