Barua ya wazi: Banda la betri mlilotuahidi liko wapi?

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Mazingira wa manispaa yetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi wa sola, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11 katika mji huu ulio karibu na Kilembe, Uganda. Barua mbili nilizileta ofisini kwako kwa mkono wangu na hazikujibiwa, ndiyo maana hii naiandika mbele ya watu wote.

Jumatatu iliyopita mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka 9, aliungua mkono kwa asidi. Alikuwa amemshikia kaka yake betri ya gari aipasue kwa panga, kwa kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu hupima madini ya risasi tupu yaliyo ndani na hataki kubeba betri yenye maji. Nilimkuta mama yake akimmwagia maji ya dumu, ngozi imebabuka hadi kwenye kiwiko. Asidi iliyobaki ilikwisha kumwagwa kwenye mfereji unaopita kando ya migomba yetu.

Mheshimiwa, mwezi Machi mwaka jana ulisimama mbele yetu ukasema kwamba ndani ya miezi 3 tungepata banda lenye sakafu ya saruji, ambako betri zilizokufa zingepokelewa zikiwa nzima na kupelekwa kwa wenye leseni, kama Sheria ya Mazingira ya 2019 inavyotaka kwa taka hatari. Tulikupigia makofi. Tangu siku ile sikuuza hata betri moja; leo ninazo 64 katika chumba cha nyuma, watoto wangu wamehamishiwa sebuleni, na fedha ambazo zingelipa karo zimelala humo. Nadhani pesa za banda zilipelekwa kwingine, lakini hakuna aliyekuja kutueleza.

Hizi si takataka. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, nayo huyeyushwa ikatengeneza betri nyingine tena na tena, mradi tanuri liwe la kunasa moshi na vumbi. Ikiyeyushwa kwenye sufuria uani, sumu yake huingia kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walilazimika kwenda mahakamani baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuwadhuru.

Sasa zinaingia pia betri za lithiamu za bodaboda za umeme. Nikifungua moja napima kila seli kwa mita, na zile zinazoshika chaji naziunga upya ziwashe taa za nyumbani. Zilizokufa kabisa, baadhi zina madini ya kobalti na nikeli ambayo viwanda huyatoa na kuyatumia katika betri mpya. Kiwanda cha Kasese kiliwahi kutoa kobalti kutoka mabaki ya mgodi wa Kilembe kwa kutumia bakteria, kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba ujuzi huu hautufai.

Lakini leo siombi kiwanda. Naomba banda, Mheshimiwa, lile lile uliloahidi. Na kama banda bado, nitajie mahali pamoja penye paa na kufuli, nami nitazipeleka betri zote 64 kwa gharama yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa sola