Athman, nimefungua sanduku

Mkomani, Lamu
Jumapili usiku, baada ya Isha

Athman ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Wambaje? Watoto hawajambo? Huku hatujambo sote. Mama akusalimu sana, asema umekonda kwenye ile picha, na mimi sijui ni picha gani. Kusi limechachamaa mwaka huu, watu wavuka kutoka Mokowe wamelowa hadi mifukoni. Basi salamu na ziishie hapo, maana nikiendelea nazo adhana ya alfajiri itanikuta sijakwambia kilichonishikisha kalamu baada ya miaka 6.

Nimefungua sanduku la spika.

Najua umeiweka barua chini hapo. Iokote, nasimulia kwa taratibu, maana nikienda mbio nitaruka pale panaponiuma.

Chanzo ni Shee, mtoto wa dada Zuhura. Ulimwacha akichezea vifuu gatini, sasa ana miaka 17 na ndevu tatu ambazo azichana. Mwezi uliopita alinijia na simu mkononi, picha nyeusi na nyeupe ya mtu ameinama, ameshika gitaa kwa shingo kama mtu apasuaye kuni. "Mjomba, huyu avunja nini?" Nikamwambia huyo ni Paul Simonon wa The Clash, bendi ya panki ya Kiingereza, ukumbi wa Palladium, New York, Septemba 1979, na hicho si gitaa hivi hivi, ni besi, gitaa la sauti nzito, Fender Precision. "Kama ile iliyo juu ya kabati la bibi." Macho yakamtoka. Hakujua kwamba mjombake aliwahi kuwa mtu.

Akauliza kwa nini aliivunja. Nikamweleza kuwa walinzi walikuwa wakiwazuia watazamaji wasisimame vitini, jamaa akaudhika. Shee akafikiri kidogo, akasema, "Sisi tukivunja, nyingine tutaipata wapi?" Ametuzidi akili, wewe na mimi tulipokuwa na umri wake. Wajua vile vipande vya Simonon vimehifadhiwa na makumbusho ya London? Yetu nayo ilihifadhiwa, kati ya masufuria ya harusi na godoro la wageni.

Niliposhusha besi nilitaka kulia. Chumvi, Athman! Nyuzi zimekuwa za rangi ya chai ya tangawizi. Freti, vile vyuma vya kukata shingo, zimeota ukijani. Tundu la jeki, ukichomeka waya lalia kama paka aliyekanyagwa. Ile yetu ni ya kuiga, hilo twajua, lakini mifupa ni ileile: uzi wa kipimo cha inchi 34 toka juu ya shingo hadi daraja la chini, pikapu ya kunasa sauti ya nyuzi iliyokatwa vipande viwili, kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha kupunguza ukali. (Shee aliniuliza pikapu ni nini, nikamwambia ndiyo pikapu pekee iliyoingia Mkomani. Hakucheka. Vijana wa sasa.)

Na nikuambie, nilipokuwa nikiisugua kwa spiriti ndipo nilipoelewa kwa nini mapanki waliipenda hii na si nyingine. Yule fundi aitwaye Leo Fender aliitoa 1951, wakati wapiga besi bado wabeba lile dude la kusimama, kubwa kama mlango. Lile halina freti, kidole kikiteleza kidogo sauti yapotea, ndiyo sababu hii yake akaiita Precision. Ile pikapu ya vipande viwili ikaja 1957. Tangu hapo hawana la maana walilobadilisha. Haina betri, haina saketi ya ndani ya kukuza sauti. Ni sumaku, waya uliozungushwa, vitufe viwili na kapasita moja, basi. Kitu kama hicho hata chumvi ya Lamu yachoka kukila. Ningekuwa na moja ya zile za kisasa zenye betri ya volti 9 ndani, leo ningekuwa na ubao wa kukatia samaki.

Nyuzi nilizichemsha. Usicheke, wewe ndiye uliyenifundisha, kwamba maji ya moto yatoa mafuta na uchafu ulioingia kwenye mizunguko, na uzi wapata sauti tena kwa wiki moja mbili. Sasa zile zetu uchafu wake si mafuta, ni kutu, na sufuria niliyochukua ilikuwa ya wali. Mama akaingia jikoni, akafunua, akaona nyoka wanne wa chuma wachemka. Akafunika. Akaniambia, "Ndoo ule kwanza, wazimu utauendeleza baadaye." Uzi wa E, ule mnene kuliko zote, ulikatika nilipoukaza. Ulinipiga kidole gumba, bado kimevimba, ndiyo sababu ya huu mwandiko.

Kwa hiyo Shee ajifunza kwa nyuzi tatu. Amejiandikia majina ya noti shingoni kwa rangi ya kucha ya dadake, na nilipotaka kumgombeza nikakumbuka kwamba Simonon naye alianza hivyohivyo, hakujua kupiga, akaandikiwa noti kwenye shingo. Nikanyamaza. Mkanda ameulegeza besi ikashuka chini ya kiuno kama ya Dee Dee Ramone, mpiga besi wa bendi ya Ramones, na kila mara mimi naupandisha, yeye aushusha. Namwambia mkono wa kushoto utakuuma. Asema, "Mbona Dee Dee?" Sina jibu la mbona Dee Dee.

Lakini jambo la risha nimelishikilia. Alitaka kupiga kwa vidole, alivyoona kwa wapigaji wa taarabu za kisasa. Nikamwambia la, panki ni risha, na ni kushuka tu, kushuka, kushuka, nane kwa kila kipimo, mkono usipande na sauti. Alipojaribu kwa kasi ya Ramones alidumu dakika moja na nusu, akashika kiwiko. Wimbo wao mzima ni dakika mbili, nikamwambia, kwa hiyo umebakiza nusu dakika uwe mtu. Mzee Bakari alikuwa barazani, asikia kila kitu, maana besi isiyo na umeme yasikika kama mtu asemaye ndani ya mtungi. Akauliza, "Hiyo ni chakacha iliyopotea njia?" Wajua ulimi wake.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanza. Mtungi. Besi bila amplifaya si besi. Nikasema acha niangalie lile sanduku lililo chini ya ngazi, spika kama bado ni nzima au mende wamezifanya nyumba. Nikachukua bisibisi.

Kabla sijaendelea, wakumbuka yule fundi wa Matondoni alivyotutengenezea lile sanduku? Plaiwudi ya mashua, misumari ya shaba, na pamba iliyosindiliwa kwenye viungo kama jahazi. Akasema halitavuja. Wewe ukamwambia halitatiwa majini, akasema, "Hamjui mambo ya duniani." Bado halivuji. Tulikuwa tukiota yale makabati ya Ampeg yenye spika 8 za inchi 10 na juu yake kichwa, yaani amplifaya yenyewe, cha SVT cha wati 300, kile kilichoanza kutoka 1969. Kabati peke yake lapita kilo 60. Punda wa Bakari angekwenda kushtaki. Letu punda alilibeba mpaka Shela kwa njia ya ufukweni, kichwa kikiwa upande wa pili kwenye kikapu cha nazi, usiku ule.

Usiku ule. Basi.

Wakumbuka nilichosema. Nilikisema barazani, mbele ya Bakari na kina Omari, kwa sauti ya mtu aliyesomea umeme. Kwamba kichwa kiliungua kwa sababu yako. Kwamba uliongeza spika mbili juu ya zile mbili, zote za omu 8 (kile kipimo cha ukinzani wa umeme), ukaziunga zote nne sambamba zikashuka omu 2, na kichwa kimeandikwa nyuma kisipewe chini ya 4. Nikakuita fundi wa tochi. Wewe hukunitukana. Ulisema maneno mawili: "Fungua uone." Nami nikasema sifungui, najua kilichomo. Ukaondoka na kichwa kilichokufa, nikabaki na sanduku zima, na tangu siku hiyo wewe una kichwa na mimi nina kiwiliwili, na hakuna kati yetu aliyetoa sauti.

Jumanne nilifungua. Ziko mbili mbili, kila jozi mfululizo, kisha jozi na jozi sambamba. Umelehemu vizuri kuliko nilehemuvyo mimi hata sasa. Mita ikasoma 6 na kitu, ndivyo isomavyo kwa mzigo wa omu 8. Nikapima mara tatu nikitumai imeharibika. Na ndani ya ubao umeandika kwa penseli: "8, alhamdulillahi." Miaka 6 maneno hayo yalikuwa chini ya ngazi yangu, nayapita kila siku nikienda msikitini.

Nilikaa sakafuni kwa muda. Shee akauliza kama spika zimekufa. Nikamwambia la, ni nzima zote.

Sasa nakuja kwenye fyuzi. Nilitaka niiache nje ya barua hii, na rasimu ya kwanza haimo, nimeichana. Usiku ule upepo ulikuwa ukipuliza mchanga, nami nikakifunika kichwa kwa leso ya mama, nikaziba matundu yote ya kutolea joto. Katikati ya onyesho kikanyamaza. Wewe ulikuwa wazungumza na yule meneja aliyetaka tupige polepole wageni wale kwa raha. Nilikwenda nyuma, nikaona fyuzi imekatika. Hatukuwa na nyingine. Nikachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ya Omari, nikaizungushia ile fyuzi, nikairudisha. Kichwa kikawaka. Tukapiga nyimbo mbili na nusu. Kisha ule moshi.

Wewe mwenyewe waelewa. Transista ilishachemka, fyuzi ikakatika kama ilivyotakiwa, nami nikaiondolea kazi yake. Nilijiambia kwamba hata kama ni mimi niliyetia ile karatasi, fyuzi isingekatika lau hukukosea waya. Hicho ndicho nilichokishika miaka yote. Jumanne kilinitoka mkononi. Na nilipokuita fundi wa tochi ile karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, kwa sababu nilikuwa nimeitoa kabla hujafungua kifuniko. Hilo nalo ulijue.

Niwie radhi. Sijui kuliandika hili kwa urefu zaidi ya hapo.

Haya, niseme na ombi, ingawa sina uso. Kichwa bado unacho? Kama hukukitupa, wala hukukiuza kwa kilo, nakuomba kipelekwe kwa yule fundi wako wa Mwembe Tayari huko Mombasa akitazame. Nadhani ni jozi ya transista za mwisho na vizuizi viwili vitatu vilivyo karibu yake. Gharama zote juu yangu, usinibishie, nimeuza ile injini ndogo. Mwambie atie fyuzi mpya na nyingine tano akiba, nitazitundika ukutani. Na asiguse upande wa transfoma, ile ni ya volti 240 yetu hii, isije ikapata yaliyoipata pedali ya gitaa ya yule Mmarekani wa Shela aliyeichomeka ya volti 120 moja kwa moja ukutani. Wakumbuka harufu?

Pia seti moja ya nyuzi, uzi mwembamba 45, mnene 105, kwa elfu za inchi. Uhakikishe ni zile zilizozungushiwa waya wa duara, zenye kukwaruza ukipitisha ukucha. Usikubali kupewa zile za utepe bapa, laini kama hariri. Hizo zafaa taarabu, sauti yake yaingia kwa adabu. Shee hataki adabu. Na risha tano sita ngumu, ya milimita moja, maana hizi tulizokata kwenye kadi za simu zaisha kwa siku moja.

Kisha kitie kwenye basi mpaka Mokowe, nitakivukia mwenyewe. Ukifunge kwa nailoni mbili. Au, nasema tu, ukilete wewe. Chumba cha juu ni kitupu tangu Zuhura ahamie Langoni. Mama atapika. Bakari hatasema kitu, nimeshamsimulia habari yote barazani palepale, mbele ya kina Omari, na unaweza kufikiri alichoniambia.

Wewe hupigi tena? Vijiti vya ngoma vipo, au watoto wamevifanya mwiko? Ule mkono uliovunjika ulipona sawasawa? Ni kweli nilivyosikia, kwamba wafanya kazi ya friji sasa? Huko Mombasa kuna vijana wapigao makelele haya, au wote wamehamia kwenye kompyuta? Na ile siku uliposema "fungua uone", ulikuwa umejua kuhusu fyuzi? Maana ulinitazama. Nimewaza sana kuhusu ule mtazamo. Kama ulijua, kwa nini hukusema?

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Wako,
Swaleh

Nyongeza: habari ya leso usimwambie mama. Mpaka leo adhani ni pasi.