Kaveri haikukwama kwa uzembe

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa fundi kijana wa injini za ndege, na sijawahi kukuandikia. Kwa habari ya wiki iliyopita kuhusu Tejas, ndege ya kivita ya India, nimeshindwa kukaa kimya. Mwandishi wako anasema ndege hiyo ni ya Kihindi kuanzia pua hadi mkia, kisha kwa sentensi moja anadai injini ya Wahindi wenyewe, Kaveri, iliyokusudiwa ndege hiyo, ilikwama kwa uzembe wa wahandisi. Yote mawili si kweli.

Tejas iliruka mara ya kwanza Januari 4, 2001 kwa injini ya Marekani, F404 ya General Electric, na mpaka leo inategemea injini za ukoo huo. Kaveri iliidhinishwa mwaka 1989 katika GTRE, taasisi ya utafiti wa injini za jeti iliyoko Bengaluru, India, ikilenga msukumo wa kilonyutoni 81. Haikufika, tena ikawa nzito kuliko ilivyopangwa, na mwaka 2008 mpango wake ukatenganishwa na wa Tejas. Uzembe uko wapi hapo? Panga la tabini, yaani gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto ndani ya injini ya kivita, hufanya kazi ndani ya gesi yenye joto linalozidi nyuzi 1,500 za Selsiasi, wakati aloi yake, yaani mchanganyiko wa metali wenye nikeli, huyeyuka kabla ya kufika huko. Kinacholiokoa ni hewa inayopita ndani yake na kutokea kwenye vitundu vyembamba kama vya sindano, huku likizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Nchi zinazoijua kazi hiyo ni chache, na siri zake huzilinda sana. Wajerumani wenyewe mwaka 1944, kwa kukosa nikeli na kromi, metali za kuhimili joto, injini yao ya Jumo 004 iliyosukuma ndege ya kivita ya jeti Me 262 ilidumu saa 10 hadi 25 tu. Na Wahindi mwaka 2010 walilazimika kuipeleka Kaveri Urusi, ikafungwa kwenye Il-76, ndege kubwa ya mizigo, ili ijaribiwe angani, kwa kuwa kwao hawakuwa na ndege ya kazi hiyo. Watu waliohangaika hivyo unawaita wazembe?

Mwaka jana niliwapeleka vijana wa mtaani kwetu kwenye chuo kimoja cha ufundi wakaone injini kuukuu ya jeti, iliyopasuliwa ubavu kwa ajili ya kufundishia. Tuliikuta kwenye kona ya karakana, chini ya viti vibovu. Mapanga kadhaa ya tabini hayapo. Mlinzi akatuambia yameuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Kwa kilo, Mhariri! Karakana imekuwa stoo, na madarasa ya jirani yanafundisha masoko. Halafu ndege zikiharibika tunaita mafundi wa nje na kuwalipa kwa dola.

Naomba kila habari ya ndege ya kivita itaje, katika aya ya kwanza, injini yake na nchi iliyoiunda. Na mwandishi wako aje kwangu Jumamosi yoyote, saa nne asubuhi. Ninalo panga moja la tabini lililostaafu. Alishike, aliangalie juani, kisha aniambie yeye angeanzia wapi kulitengeneza.

Fundi mstaafu,
Morogoro